Kurudisha Msitu wa Asili Juu ya Uvira: Mafunzo ya Historia

Mji wa Uvira umejengwa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi baina ya Ziwa Tanganyika na Milima ya Mitumba. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali katika safu ya Itombwe mlima Mohi hufikia mita 3,475. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge huteremka kwa kasi na kupita katikati ya makazi. Katikati ya Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, lakini iliangukia miteremko iliyokwisha kuvuliwa miti. Kurudisha msitu, basi, ni jambo la uhai wa mji. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kupanda miti si jambo geni huku. Yaliyokosekana ni uchaguzi wa miti inayofaa na mapatano juu ya ardhi.

Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuifahamu njia hiyo. Walifuata pembe za ndovu na watumwa; miti haikuwa bidhaa yao. Mambo yalibadilika wakati wa Wabelgiji. Pamba ilienea katika bonde la Rusizi, matofali yalihitaji kuni za kuchomea, na mji uliokua ulihitaji makala na mbao. Utawala uliona hatari ya mmomonyoko, ukaamuru miti ipandwe. Aghalabu iliyopandwa ilikuwa mikaratusi.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Mvule na mkuyu ni majina ya kale ya Kibantu, yanayopatikana kwa sura mbalimbali katika lugha nyingi za jamaa hiyo. Mkaratusi ni jina lililokopwa pamoja na mti wenyewe. Mti huo una manufaa yake: hukua upesi, huchipuka tena baada ya kukatwa, hutoa kuni na nguzo. Hata hivyo, shamba la mikaratusi si msitu, kwa kuwa mimea ya asili huota kwa shida chini yake na udongo hubaki bila kifuniko cha kutosha.

Kuanzia 1993 wakimbizi wa Burundi, kisha wa Rwanda mwaka 1994, walifika kwa makumi ya maelfu, nao walihitaji kuni kila siku. Vita vilivyozuka mwaka 1996 viliongeza uharibifu. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 ilichukua nafasi ya dekreti ya 1949. Hifadhi ya Itombwe ikatangazwa mwaka 2006, lakini mipaka yake ilithibitishwa mwaka 2016 tu, baada ya majadiliano marefu na wenyeji.

Mfano wa karibu uko Uganda. Sehemu za msitu wa Kibale zilikatwa mbao katika miaka ya 1960, na upande wa kusini ukalimwa. Wakulima waliondolewa mwaka 1992, na mbuga ya taifa ikaundwa mwaka 1993. Matete na moto wa kila mwaka vilizuia miti kurejea yenyewe. Tangu 1994 shirika la Kiholanzi la Face, pamoja na mamlaka ya mbuga, lilipanda miti ya asili, mringaringa ukiwa mmojawapo, na kuilinda na moto. Kivuli kilipoyashinda matete, ndege na nyani walileta mbegu za miti mingine. Shirika hilohilo lilipanda pia katika Mlima Elgon, ambako ardhi ilikuwa na mgogoro. Mwaka 2005 mahakama ilitambua haki za Wabenet juu ya sehemu ya ardhi hiyo. Na mahali palipogombaniwa wakulima waliikata miti iliyopandwa. Ujuzi wa vitalu ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa katika ardhi.

Juu ya Uvira, ardhi iko mikononi mwa mamwami na jamaa za wakulima. Yafaa mapatano nao yatangulie miche. Mbegu zikusanywe kutoka miti mama iliyosalia Itombwe, kingo za mito zipandwe kwanza, na mikaratusi ibaki katika mashamba yake ili mji upate kuni. Bila sehemu hiyo ya mwisho, msitu mchanga utageuzwa makala kabla haujatoa kivuli.