Kuzuru chuo kikuu jijini Nairobi kwa matatu: Jina la chuo si anwani

KILA mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa na shughuli ya kuchagua kozi kufunguliwa, wazazi na vijana wengi kutoka pembe mbalimbali za nchi hufunga safari kuja Nairobi kujionea vyuo wanavyoviwazia. Wengi wao hawana gari, na hata walio nalo hawaoni haja ya kuliingiza katika msongamano wa jiji. Huja kwa basi au treni, kisha wakapanda matatu. Kipande hicho cha mwisho, ambacho aghalabu hakifiki kilomita 40, ndicho huwatoa jasho kuliko kile kirefu kilichokitangulia.

Ugumu wenyewe hauanzi katika kituo cha matatu. Huanzia nyumbani, pale msafiri anapojiambia kwamba anakwenda "Chuo Kikuu cha Nairobi" au "Jomo Kenyatta" akidhani kuwa ametaja mahali. Jina la chuo si anwani. Chuo kimoja chaweza kuwa na mabewa matano au zaidi, yaliyotawanyika katika barabara zisizokutana, na mtu akateremka katika bewa lililo halali kabisa la chuo hicho ilhali kozi anayoitafuta inafundishwa ng'ambo ya pili ya jiji.

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho mfano ulio bayana zaidi. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Bewa Kuu limo katikati ya jiji, kati ya University Way, Barabara ya Harry Thuku na Uhuru Highway. Anayekwenda huko hahitaji matatu yoyote akishafika mjini. Akisimama Kencom, ataifuata Moi Avenue kuelekea kaskazini, aipite bustani ya Jevanjee, na baada ya mwendo wa robo saa hivi atakuwa University Way, Kituo Kikuu cha Polisi kikiwa upande mmoja na chuo upande wa pili. Wapo manamba ambao humpakia mgeni kwenye gari na kumtoza nauli kwa safari hii ya miguu.

Lakini sayansi hufundishwa Chiromo, karibu na Museum Hill, ambako matatu za kwenda Westlands na Kangemi hupitia. Kilimo na tiba ya mifugo viko Upper Kabete. Elimu imefundishwa kwa miaka mingi Kikuyu, mji ulio nje kabisa ya mipaka ya jiji, nao wanafunzi wa udaktari husomea kando ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Sheria ilikuwa Parklands kwa muda mrefu.

Hapo kwenye Kabete ndipo wengi hupotelea. Kuna Upper Kabete, ambayo hufikiwa kwa kufuata Waiyaki Way hadi pande za Uthiru. Kuna Lower Kabete, iliyo kando ya barabara inayoitwa kwa jina hilohilo, upande wa kuelekea Wangige. Tena kuna Kabete National Polytechnic, ambayo si sehemu ya chuo kikuu hicho hata kidogo. Abiria anayemwambia makanga "nishushe Kabete" hatakuwa amesema uongo, wala makanga hatakuwa amekosea akimshusha popote kati ya hapo. Kutoka Kabete moja hadi nyingine si mwendo wa kutembea kwa miguu ukiwa na faili kwapani na jua la utosi.

Isitoshe, vitivo huhama. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilivunja mfumo wake wa koleji na kuunda vitivo upya. Kwa hivyo maelekezo ya mjomba aliyehitimu miaka ya themanini, hata yawe ya nia njema kiasi gani, yafaa yathibitishwe. Njia ya hakika ni kusoma jina la kitivo na bewa katika barua ya kujiunga na chuo au katika tovuti ya chuo chenyewe, kisha kupiga simu katika ofisi ya kitivo siku moja kabla ya safari. Mwanafunzi anayechaguliwa kupitia shirika la KUCCPS, lililochukua nafasi ya iliyokuwa bodi ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huona jina la chuo na la kozi. Asidhani kwamba jina la bewa litajileta lenyewe.

Upande wa Barabara ya Thika mambo ni mepesi kidogo, ingawa nako kuna mitego yake. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Uingereza hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985. Matatu nyingi zinazoelekea Thika na Juja hupita mbele ya lango lake. Msafiri hana budi kutamka "KU lango kuu", kwa maana siku hizi kuna pia hospitali ya rufaa yenye jina la chuo hicho, na lango lake si hilo.

Barabara yenyewe ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Ina njia nyingi za magari yaendayo kasi, na ni hatari kubwa kwa anayethubutu kuivuka chini. Liwalo na liwe, ama wakati wa kwenda au wa kurudi, mgeni atajikuta upande usio wake. Apande daraja la wapita njia, hata kama wenyeji wawili watatu wataruka ukuta mbele ya macho yake.

Chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia kiko mbele zaidi, Juja, katika Kaunti ya Kiambu. Zipo matatu zinazoishia Juja kwenyewe, na hizo ndizo bora kwa mgeni. Zile za nambari 237 ziendazo Thika kwa kawaida humwacha abiria kando ya barabara kuu, kisha akamalizia kwa miguu au kwa bodaboda. Anayetafuta sheria katika chuo hicho akumbuke kwamba shule yake ya sheria ilifunguliwa Karen, upande mwingine kabisa wa Nairobi.

Kwa atokaye Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, kituo cha mwisho kiko Syokimau na wala si katikati ya jiji. Treni ndogo ya kuunganisha humfikisha kituo cha zamani cha reli karibu na Haile Selassie Avenue. Kama anakwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ambacho wakazi wa umri wangu bado hukiita Kenya Poly, safari yake imekwisha. Atatembea tu. Treni nyingine za abiria wa jijini, zikiwemo za kuelekea Ruiru na Kikuyu, zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi: huingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Mgeni husafiri kinyume chake, hivyo hazimfai sana.

Tukirudi kwenye matatu, nambari zilizoandikwa mbele ya gari nyingi zilirithiwa tangu enzi za mabasi ya Kenya Bus, kampuni iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934. Nambari humweleza abiria njia, bali haimwelezi gari litaishia wapi. Gari la nambari fulani laweza kukatiza safari likiona foleni, au likapitia mtaani badala ya barabara kuu. Swali la kumuuliza makanga, basi, si "mnaenda wapi?" bali "mnapitia mbele ya lango la chuo fulani?" Jibu la swali la kwanza huwa ndiyo kila mara.

Vituo navyo havitulii mahali pamoja. Serikali ya jiji imewahi kuvihamisha mara kadhaa. Mwezi Desemba mwaka 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, wakazi wakalazimika kutembea masafa marefu, na amri hiyo ikasitishwa upesi. Kwa sababu hiyo sitataja hapa gari gani husimama mbele ya duka gani. La busara ni kumuuliza mtu aliye na sababu ya kusimama mahali pamoja kutwa nzima: bawabu wa benki, mwenye duka, au muuza magazeti. Huyu wa mwisho sikumtaja kwa upendeleo wa kikazi. Ni kweli kwamba muuza magazeti huijua barabara yake kuliko askari wa trafiki anayebadilishwa kila wiki.

Kuhusu nauli, hakuna bei moja. Hupanda mvua inaponyesha, asubuhi watu wanapokwenda kazini, na jioni wanapotoka. Abiria aulize kabla ya kukanyaga ngazi, awe na noti ndogo, na asimpe pesa mtu yeyote aliye nje ya gari. Ujanja wa zamani ambao haujafa ni wa kijana anayeingia, akakusanya nauli ya abiria wote kwa ukakamavu wa makanga halisi, kisha akateremka na kutokomea. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwataka makanga na madereva wavae sare na kila abiria afunge mkanda. Utekelezaji umekuwa wa kupanda na kushuka, lakini sare na jina la chama cha ushirika lililoandikwa ubavuni mwa gari bado ni ushahidi mwafaka wa kuanzia endapo kutakuwa na lalama. Gari nyingi hukubali malipo kwa simu, ingawa jitihada za mwaka 2014 za kuondoa kabisa pesa taslimu hazikufua dafu.

Mwenye ulemavu anayetumia kiti cha magurudumu atapata taabu, kwa kuwa matatu nyingi zina ngazi za juu na mlango mwembamba. Afadhali mtu huyo akodi teksi kwa kipande cha mwisho.

Sasa nije kwa jambo ambalo naona wazazi wengi hulipuuza. Safari hii si ya kuona majengo tu. Kijana asipopata nafasi bwenini, na wengi hawapati, ataishi mtaani na kupanda gari lilo hilo kila siku. Basi mzazi na mwanawe na wasafiri saa ambazo mwanafunzi husafiri. Waondoke katika mtaa wanaofikiria kupanga chumba saa kumi na mbili asubuhi, wakiulenga mhadhara wa saa mbili, wapime muda kwa saa ya mkononi.

Halafu wapige hesabu. Tuseme muhula una wiki 14, na mwanafunzi anakwenda chuoni siku tano kwa wiki. Hizo ni safari 140, kwenda na kurudi. Nauli ikiwa Sh50 kwa kila safari, jumla ni Sh7,000 kwa muhula. Ikiwa ni lazima abadilishe gari mjini na kulipa Sh50 mara mbili, ni Sh14,000. Tofauti hiyo ni kodi ya nyumba au chakula, na kwa anayetegemea mkopo wa HELB yaweza kuwa ndiyo kuendelea na masomo au kuyaahirisha. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali mara nyingi hugeuka kuwa ghali zaidi ya kile kilicho karibu na lango. Hesabu hii haimo katika waraka wa karo.

Langoni, mgeni hutakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa na kusema ofisi anayoiendea. Siku za kazi ndizo zinazofaa, na ofisi nyingi hufungwa kwa chakula cha mchana kati ya saa saba na saa nane. Wakati wa usajili wa wanafunzi wapya, walaghai hujazana karibu na malango na katika vituo vya magari wakijidai kuwa maafisa wa usajili au madalali wa mabweni. Karo hulipwa kupitia akaunti rasmi za chuo pekee. Hakuna afisa wa kweli anayepokea pesa za nafasi ya kozi chini ya mti. Aidha, ni vyema kusikiliza taarifa ya habari kabla ya kuondoka, kwani mgomo wa wahadhiri huwaacha wageni wakitazama milango iliyofungwa, nayo maandamano ya wanafunzi yanaweza kuifunga University Way kwa saa nzima au zaidi.

Anayepania kurejea nyumbani usiku huohuo asingoje giza ndipo aage. Akiwa Juja au Kikuyu, aondoke kufikia saa tisa alasiri, kabla ya foleni za jioni kuanza na nauli kupanda, na asipange kufika kituoni dakika chache tu kabla ya gari lake kung'oa nanga. Kwa msafiri wa treni ya Mombasa muda huo ni mfupi zaidi kuliko unavyoonekana, kwa vile lazima kwanza afike Syokimau, kisha apange foleni ya ukaguzi wa mizigo kabla ya kuruhusiwa kupanda.