Kumlea Mtafiti wa Ufuoni: Yampasayo Anayewaongoza Wanafunzi wa Jiolojia ya Bahari

Jiolojia ya bahari ni elimu ya mawe, mchanga na matope ya ufuoni na ya chini ya maji. Kwetu Bongwe si elimu ya mbali. Mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba yalitoka baharini, na Diani ni pua na mdomo. Mwanafunzi anayekuja kupima fuo hizi huhitaji wa kumshika mkono, awe mhadhiri, mtaalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, au mvuvi mzoefu. Haya ndiyo ya kumfunza.

Ajue anakanyaga nini. Majabali ya Diani ni matumbawe yaliyoota miaka ipatayo 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Baadaye, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, maji yalikuwa chini ya usawa wa sasa kwa mita 120 hivi. Ripoti ya P. V. Caswell ya mwaka 1953 kuhusu jiolojia ya Mombasa na Kwale bado ni mlango mzuri wa kuingilia.

Asome mchanga. Mto Mwachema, unaomwaga maji penye Msikiti wa Kongo, huleta mchanga wa bara. Mchanga mwingine huzaliwa baharini kwa matumbawe, makombe na kinyesi cha samaki pono. Tone la asidi hafifu huutofautisha: wa matumbawe hutoa povu, wa mawe ya bara hautoi.

Apate ruhusa. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Hifadhi ya bahari ya Diani-Chale, iliyotangazwa mwaka 1995, iko chini ya KWS, kwa hiyo sampuli hazichukuliwi kiholela. Kaya Kinondo huingiwa kwa idhini ya wazee, na hakitolewi kitu, hata kijiwe. Kikundi cha wavuvi cha ufuo husika, BMU, nacho kipewe habari mapema.

Aheshimu maji. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali na mwamba huonekana. Maji yale yale hurudi kwa kishindo kwa muda wa saa sita hivi. Kiongozi huwashusha wanafunzi maji yakiwa bado yanatoka, na huwageuza kabla hayajaanza kujaa. Hapa neno la mvuvi litangulie ratiba ya chuo.

Apime kwa mpango. Njia ya K. O. Emery ya mwaka 1961 haina gharama: fito mbili za urefu sawa, zilizotiwa alama za sentimita, na kamba. Aliye upande wa bara hutazama upeo wa bahari juu ya ncha ya ufito wa mbele. Pale mstari wa jicho unapokata ufito wake ndipo penye kipimo cha mteremko. Pahali, tarehe, saa na hali ya maji viandikwe papo hapo. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Kusi huhamisha mchanga, kaskazi nayo huupanga upya, hivyo pahali pale pale papimwe misimu yote miwili.

Mwisho, arudishe jibu. Ufuo unapoliwa, mwenye hoteli hujenga ukuta, na mawimbi yanayogonga ukuta huweza kuhamishia hasara kwa jirani au kwenye bandari ya wavuvi. Kijiji kisicho na vipimo hakina la kusema mbele ya wakubwa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetumia mashua, njia na maarifa yetu aje barazani aeleze alichokiona, kwa Kiswahili, na aache nakala ya takwimu zake.

Na vijana wetu wasiwe wabeba ndoo za sampuli tu. Wapewe kalamu na daftari, wafunzwe kupima. Mgeni atarudi chuoni. Wao ndio watakaobaki na ufuo.