Elsa Aliuawa na Kupe, na Simba Wangu Pia

Wadau, wiki hii siongei siasa, wala bei ya avokado, wala ule mjadala wetu wa nani anapika chapati safi karibu na steji ya Karatina. Naongea mbwa. Na usidhani ni posti ya kuchekesha, manake mbwa mwenyewe alikufa, na mimi ndiye niliyekawia.

Aliitwa Simba. Najua, najua. Simama kwetu jioni uite "Simba!" na mbwa watano watakuja mbio, kila mmoja akidhani ni yeye. Huyu wetu alikuwa wa kulinda boma la shosho, kule juu Mathira ukielekea msitu wa Hombe, mahali ambapo usiku unasikia pelele akilia mtini kama mtu anayekabwa koo. (Pelele ni kanyama kadogo kama sungura asiye na masikio, na jamaa yake wa karibu katika ukoo wa wanyama ni ndovu. Sikutungi.) Simba alipenda kufuata watu wa kuni. Alikuwa anarudi jioni na kupe wamejipanga masikioni kama hereni. Shosho akiwaona anawang'oa kwa vidole. Mimi nilikuwa nampaka mafuta chafu ya gari, kwa sababu kila mtu kwetu hupaka hayo na hakuna anayeuliza yanasaidia nini. Baadaye niliambiwa yanachoma ngozi, na mbwa akijilamba yanaingia tumboni.

Siku ya kwanza hakula. Nikasema ni joto. Ya pili akalala nyuma ya jikoni, hata matatu ya shule ilipopita hakubweka. Ya tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya kahawa nyeusi. Siku ya nne ndiyo nilimpigia daktari wa mifugo, akaja na pikipiki, akamwinua mdomo na kunionyesha fizi. Zilikuwa nyeupe kama ugali. Akasema, "Kijana, hii ni babesia. Umekawia, lakini tujaribu." Alimdunga sindano. Kabla jogoo hawajawika Simba alikuwa amekufa, na shosho ndiye aliyenisaidia kuchimba shimo.

Usiku huo sikulala. Nilitafuta hilo neno babesia kwa simu, na jina lililoniangukia mbele ya macho ni la simba jike ambaye hata wewe unamjua. Elsa.

Wengi wetu tunamjua nusunusu, kwa hivyo wacha nirudi nyuma kidogo. Februari 1956, George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori kule Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye ndipo ilipogunduliwa kwamba mama huyo alikuwa analinda watoto watatu. George akawapelekea nyumbani, yeye na mkewe Joy wakawalea. Wawili wakubwa walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao wote, Elsa, akabaki. Alilala kwenye kitanda cha kambi, akapanda juu ya Landrover, akachezewa na pelele waliyemfuga. Halafu wakafanya jambo ambalo wakati huo wengi waliona haliwezekani: wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini, upande wa Meru. Akapata mume, akazaa watoto watatu, na bado alikuwa anarudi kambini kuwasalimia. Kitabu cha Joy kilitoka 1960, filamu ikafuata 1966, na dunia nzima ikaanza kusema mnyama wa porini si wa kufungiwa.

Sehemu ambayo haisemwi sana ni jinsi alivyokufa. Januari 1961 Elsa aliugua, akadhoofika, akafia kambini George akiwa karibu naye. Alikuwa na miaka mitano tu. Hakuuawa na nyati wala mwindaji. Uchunguzi ulionyesha babesia, kadudu kasikoonekana kwa macho, kanakoletwa na kupe.

Daktari wetu alinieleza kazi yake vizuri kuliko simu. Kupe akinyonya damu anaacha vijidudu. Vijidudu vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaana humo mpaka chembe inapasuka. Zikipasuka nyingi, damu inapungua, fizi zinafifia, na taka za chembe zilizopasuka zinatoka na mkojo. Ndiyo ile rangi ya kahawa. Babesia ya mbwa si ileile ya simba, na ng'ombe pia ana yake, ile ya kukojoa mkojo mwekundu ambayo guka aliijua. Lakini mchezo ni mmoja.

Hapo ndipo nilianza kuchimba. Kwa sababu nilikuwa nimekua nikiamini kuna wanyama wa nyumbani na kuna wanyama wa porini, na katikati kuna fensi ya stima. Historia ya huu mlima wetu inasema vingine kabisa.

Anza na hiyo Meru yenyewe, upande wa pili wa mlima ukitoka kwetu. Kaburi la Elsa liko ndani ya mbuga. Na katika mbuga hiyohiyo, mwaka 2001, nyati walipatikana na sotoka. Ulikuwa mlipuko wa mwisho wa sotoka kuthibitishwa duniani. Miaka 10 baadaye, 2011, ulimwengu ukatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Katika historia yote ya binadamu ni magonjwa mawili tu yamefutwa hivyo, ndui kwa watu na sotoka kwa wanyama. Na wa pili uliaga dunia hapa kwetu, na sikuwahi kufundishwa shuleni!

Sotoka ilikuwa nini? Waulize wazee walioambiwa na wazee wao. Iliingia Afrika mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia katika pwani ya Eritrea. Ikashuka kusini kama moto wa nyasi. Mapema miaka ya 1890 ilikuwa imefika huku kwetu. Katika mifugo mingi, kati ya ng'ombe 10 walikufa tisa. Wamaasai waliachwa bila kitu, na njaa ikafuata. Lakini haikuishia bomani. Nyati walikufa makundi kwa makundi. Mzungu aliyekuja baada ya hapo akakuta nyika tupu, akaandika kwamba Afrika ni pori lisilo na watu. Alikuwa anaangalia msiba akadhani ni mandhari.

Dawa yake kubwa pia ilitoka karibu. Muguga, hapo Kiambu, ukitoka Nairobi kwenda Limuru. Daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza hapo chanjo ya sotoka, ikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ng'ombe wakachanjwa. Ng'ombe, narudia, si nyumbu. Wakati huo nyumbu wa Serengeti, hawa wanaovuka Mara tukiwatazama kwa simu kila Agosti, walikuwa kama 250,000. Hakuna aliyewachanja hata mmoja. Ng'ombe wa jirani walipoacha kuugua, ndama wa nyumbu wakaacha kufa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita 1,300,000. Ule msafara ambao watalii wanalipia ulirudishwa na sindano za ng'ombe.

Sasa turudi kwa mbwa, na hapa ndipo niliumia.

Mapema 1994, simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Wengine misuli ya uso ilikuwa inarukaruka. Kabla mambo kutulia walikuwa wamekufa kama 1,000, yaani karibu simba mmoja kati ya watatu katika nyika hiyo, na ugonjwa ukavuka mpaka Maasai Mara. Kumbe ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa kawaida wa vijiji vya kando ya mbuga, mbwa kama Simba wangu, hawakuwa wamechanjwa. Na distempa, ukiangalia ukoo wake, ni ndugu wa sotoka, na wote wawili ni ndugu wa surua ya watoto.

Kuna kitu kingine kilichochukua wanasayansi miaka kukipata. Distempa ilikuwa imewahi kupita kwa simba hao bila kuwamaliza. Mbona mara hii iliua hivyo? Jibu lilitoka kwenye damu iliyokuwa imehifadhiwa. Mwaka 1993 kulikuwa na kiangazi kibaya. Nyati walikonda, wakajaa kupe. Simba wakala nyati hao, nao wakajaa kupe, na kupe wakawa na babesia. Distempa inavunja kinga ya mwili. Babesia ikakuta mlango wazi. Ugonjwa wa mbwa wetu ukafungua, ugonjwa uliomuua Elsa ukamaliza.

Ukidhani Serengeti ni mbali, panda matatu hapa Karatina mpaka Nanyuki, halafu endelea kidogo Laikipia. Kule walikuwako mbwa mwitu, wale wa masikio makubwa ya duara na manyoya ya madoa, ambao hulisha watoto na wagonjwa wao nyama waliyoitapika, na kundi likirudi na mawindo watoto hula kwanza. (Kuna familia za binadamu haziwezi hilo.) Walikuwa wamepotea huko miaka mingi, wakarudi wenyewe, wakaongezeka. Mwaka 2017 distempa ikapita na kuwaua karibu wote.

Nisiwe mwongo lakini. Si kila kirusi kinachomuua simba kimetoka kwa mbwa wa mtu. Utafiti wa baadaye Serengeti ulionyesha kwamba hata baada ya mbwa kuchanjwa kwa wingi, distempa ilizidi kuzunguka, pengine kupitia wanyama wengine wa porini. Kwa hivyo mtu asisimame kwa baraza aseme mbwa wa maskini ndio wanaoua wanyama wa watalii. Hayo maneno nimeyasikia na yananikasirisha, hasa yakitoka kwa mtu ambaye mbwa wake mwenyewe ana kola ya ngozi na hana chanjo. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Fensi inazuia ndovu kula mahindi ya shosho. Kupe anapita chini yake. Kirusi kinapita na mbwa aliyefuata mtu wa kuni.

Nilimwambia jirani yetu haya yote, mzee mmoja namheshimu sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwana, mbwa ni wa kubweka. Chanjo ni ya watoto." Nikamuuliza, "Guka, watoto wako ulipeleka kliniki wakadungwa ya surua?" Akasema wote. Nikamwambia distempa ni surua ya mbwa. Akacheka, akasema nimesoma sana. Lakini kesho yake mjukuu wake alikuja kuniuliza chanjo ni pesa ngapi.

Na swali lake ni la haki. Watu hawakatai kuchanja kwa sababu ni wajinga. Enzi za guka kulikuwa na josho la ng'ombe la kijiji, la serikali, na ng'ombe wote waliogeshwa kwa dawa ya kupe. Miaka ya 1990 serikali ikawaachia wananchi kazi hiyo, na majosho mengi yakakauka. Leo ni mti unaota ndani ya letu. Kupe sasa ni shida ya kila mtu na mfuko wake. Kwa mbwa mmoja, mimi nilitumia pesa ya bando za wiki mbili.

Hii ndiyo hesabu niliyopewa. Chanjo ya distempa inaanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, inarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka, na hiyo usiiruke hata ukiruka kila kitu, kwa sababu kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu ni kifo. Dawa ya kupe ya mbwa inunuliwe dukani ikiandikwa ni ya mbwa. Si ile ya ng'ombe unayokisia kipimo, na si mafuta ya gari. Ukitoa kupe kwa mkono, mshike karibu na ngozi, vuta polepole. Na ukiona mbwa amekataa chakula, fungua mdomo wake uangalie fizi siku hiyohiyo. Zikiwa zimefifia au njano, piga simu kabla hujamaliza chai.

Kuna mtoto wa mbwa nyuma ya jikoni sasa, wa kike, rangi ya udongo. Nilimpa jina Elsa. Shosho anamwita Erisa na hataki kurekebishwa. Amepata sindano ya kwanza, alilia kama amechinjwa, akasahau kwa dakika mbili. Jana alitaka kufuata watu wa kuni, shosho akamfungia.