Soja wa Getini

Nairobi ukisema jirani yako ni soja, hakuna atakayefikiria Burma. Watu watafikiria rungu, tochi na kibanda kando ya geti. Neno lenyewe tulilitoa kwa Waingereza, na kwao maana yake ni mwanajeshi. Huku kwetu lilivaa sare, likapigana vita viwili vya dunia, halafu likaishia kulinda nyumba ya mtu mwingine usiku.

Nalifikiria neno hili sana kwa sababu mimi ni wa Ukambani, na kwetu jeshi ni kama zao la shamba. Kuna nyumba zinazojulikana kwa mahindi, kuna zinazojulikana kwa mbaazi, na kuna zinazojulikana kwa vijana waliochukuliwa jeshini, kizazi baada ya kizazi. Lakini zao likivunwa lazima liwe na soko. Huyu kijana akivua sare na kurudi nyumbani, nani anamhitaji?

Tuanzie Kariokor, pale tunaponunua viondo na kula nyama choma. Jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikusanya Waafrika, wengi kwa lazima, wabebe unga na risasi kuwafuata Wajerumani ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na magonjwa na njaa viliua wengi kuliko risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufikia familia zao.

Sasa linganisha. Mwaka 1919, serikali ya Gavana Edward Northey iliandaa bahati nasibu ya mashamba kwa Wazungu waliotoka vitani. Kura zilichezwa katika Theatre Royal, jumba la Nairobi ambalo baadaye liliitwa Cameo. Zaidi ya ekari milioni 2 zilitengwa kwa mpango huo. Kule Kericho, maofisa waliojeruhiwa walipewa ardhi walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafilisika, na baadaye ardhi ikawa ya chai. Hata waliposhindwa, lakini, walishindwa wakiwa na ardhi mkononi. Mpagazi Mwafrika alipata nini? Kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu vita vilipokwisha. Mmoja alitoka vitani na shamba, mwenzake akatoka na kibati cha kuning'iniza shingoni.

Ila kuna mtu mmoja aliyerudi Ukambani na kitu ambacho hakuna karani aliyekiandika kwenye kitabu chake. Anaitwa Mutisya wa Munge, wa Wamunyu, Machakos. Wakamba walikuwa tayari wanachonga vigoda, vijiko na pinde, vitu vya kutumia nyumbani. Vita vilimfikisha Mutisya kwa Wazaramo, akaona wanavyochonga sanamu na wanavyoziuza. Aliporudi alianza kuchonga, akafundisha watu wa nyumbani kwake, na kazi ikaenea kijiji hadi kijiji. Vita vya Pili vilipoleta wanajeshi wa kigeni Kenya, wakawa wateja. Wakaja watalii. Mwaka 1963 wachongaji walioishi Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika pale Changamwe. Yule twiga wa mbao unayemwona kwenye kila duka la watalii ana ukoo, na ukoo huo unaanzia kwa mtu aliyerudi kutoka vitani bila kuahidiwa chochote.

Huo ulikuwa mlango mmoja. Mingine ilikuwa inafungwa. Mwaka 1938 serikali ilianza kunyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba wamezidi na wanaharibu udongo. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu, yule mwenye barabara katikati ya Nairobi, aliongoza watu kwa miguu hadi mjini, wakapiga kambi wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Ng'ombe wakarudishwa, lakini Muindi akahamishiwa Lamu.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Mtu akikwambia Wakamba walijiandikisha kwa wingi kwa sababu ni "kabila la vita", muulize kwanza habari za ng'ombe. Waingereza walipenda hadithi hiyo ya damu na ushujaa kwa sababu haikuwadai chochote. Ukweli ni kwamba ardhi ilikuwa kavu, mifugo ilikuwa mashakani, kodi ilidaiwa kwa pesa taslimu, na jeshi lililipa.

Karibu Wakenya 100,000 walihudumu katika vita hivyo, kuanzia Ethiopia na Madagascar hadi Burma. Walijifunza udereva, ufundi wa magari, kupeleka ujumbe kwa redio, ukarani na uuguzi. Kisha 1945 ikafika. Wazungu waliotoka vitani wakafunguliwa tena mpango wa mashamba. Waafrika wachache wakapelekwa Kabete kusomea ufundi. Waliobaki walipewa malipo ya kuagana na shauri la kurudi kijijini. Wengi waliweka hela hizo kwenye duka, kinu cha kusaga au lori, na biashara nyingi zikafa, kwa sababu leseni zilikuwa ngumu na duka la tano kwenye soko la watu maskini halina mteja. Dereva aliyeendesha lori la jeshi nje ya nchi akawa mlinzi wa usiku.

Hasira ilikuwepo. Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma akawa mchochea makaa kwenye treni, kabla ya kuingia msituni kama Jenerali China. Bildad Kaggia alitoka jeshini akaingia vyama vya wafanyakazi. Lakini tusiwafanye wote kuwa wapiganaji. Wengi walirudi kimya na kutafuta riziki. Watafiti waliochunguza ardhi ya Machakos wanataja waliokuwa wameona matuta ya ngazi India, wakayajaribu kwenye miteremko ya kwao. Milima iliyodhaniwa imekufa ikashika maji na mboga zikaenda sokoni. Hiyo nayo ni historia ya kijeshi, ingawa haina mnara.

Nimewazia haya yote kwa sababu ya mjomba wangu. Jeshini alikuwa fundi wa injini za malori. Alipotoka, kila gereji kubwa aliyobisha ilimuuliza cheti, na alichokuwa nacho ni barua inayosema alikuwa na nidhamu. Leo analinda geti la mtaa mmoja Syokimau. Magari ya wenyeji yakikwama, ni yeye anayeitwa kuyawasha, kwa asante na mia mbili. Nikimuuliza kama ana uchungu, anacheka: "Mwanangu, nidhamu ndiyo waliyonunua. Mikono hawakuiuliza bei."

Na kila KDF inapotangaza uandikishaji, uwanja unajaa vijana wanaokimbia bila viatu. Siwalaumu, maana mshahara ni mshahara. Ila wakitoka, soko ni lile lile: kampuni za ulinzi, magari ya kampeni, kandarasi za ulinzi Ghuba. Serikali yenyewe imekiri kwamba Wakenya, wakiwemo waliowahi kuvaa sare, wamejikuta wakipigana vita vya Urusi kule Ukraine. Babu zao walipelekwa Burma kwa amri ya gavana. Hawa wanapelekwa na wakala na tikiti ya ndege.

Tumezoea kuuliza jeshi linachukua wangapi kutoka kaunti yetu, na mbunge anajisifu idadi ikipanda. Mimi ningependa kusikia hesabu ya pili: waliotoka mwaka huu ni wangapi, wanajua kufanya nini, na nani Machakos, Makueni au Kitui ameandaa nafasi yao. Cheti cha ufundi kitolewe mtu akiwa bado kambini, kabla hajavua buti. Mutisya alipata soko kwa bahati na kwa akili yake. Miaka mia moja baadaye, bado tunawaachia watu bahati na akili zao, halafu tunawapa rungu.