Twiga wa Malindi katika Maandishi ya Kijapani

Kijana mmoja wa Buyenzi, katika mji wetu huu wa Bujumbura, ajifunzaye Kijapani kwa juhudi yake mwenyewe, alituletea daftari lake. Alikuwa amenakili alama mbili za kanji, 麒麟, zisomwazo kirin, yaani twiga. Akalalamika: "Mwalimu, mnyama huyu ni wetu sisi Waafrika. Mbona jina lake ni gumu hivi?"

Tulikuwa karibu kumwambia aziandike mara mia, kama tulivyofundishwa sisi. Tukajizuia, tukatazama kwanza umbo lenyewe. Kila alama ina sehemu mbili. Ya kushoto, 鹿, ni kulungu, nayo ina mistari 11. Hiyo hutaja jamii ya mnyama. Ya kulia huongoza matamshi: ki, kisha rin. Alama ya kwanza nzima ina mistari 19. Ajuaye hayo haoni tena kichaka cha mistari, bali huona vipande, kama mwanafunzi wa Kiswahili atambuavyo kiambishi na mzizi.

Ama asili ya jina, hapo kale halikuwa la twiga. Kwa Wachina, ambao ndio waliowapa Wajapani maandishi hayo, lilikuwa jina la mnyama wa hadithi, mpole, ambaye kuonekana kwake kulikuwa bishara ya utawala wa haki. Mwaka 1414 mfalme Yongle aliletewa twiga kutoka Bengal, na mwandishi wa kasri, Shen Du, akamtungia sifa. Mwaka 1415 akafika twiga mwingine, naye alikuwa zawadi ya Malindi. Watu wa kasri wakasema: huyu ndiye yule wa hadithi. Kisha merikebu za Zheng He, katika safari ya 1417 hadi 1419, zikafika Malindi kwenyewe.

Wachina wa leo wameliacha jina hilo. Twiga kwao ni "kulungu wa shingo ndefu". Wajapani wamelishika. Twiga walipofikishwa katika bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, mwaka 1907, waliitwa kirin, na ndivyo waitwavyo hadi leo.

Basi kijana wetu alisema kweli kuliko alivyodhani. Katika historia ya neno lile gumu imo bandari ya Waswahili. Aliposikia hayo alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaanza kuandika upya, polepole, kulungu kwanza.

Walimu wenzetu, nasi tujiulize. Meza na leso tulizipokea kwa Wareno. Shule tuliipokea kwa Wajerumani, waliotawala hata hapa Burundi. Ni mara ngapi tumeyaandika maneno hayo ubaoni, tukayafuta, bila kumweleza mwanafunzi safari yake? Neno lisilo na historia hukaririwa likasahauliwa; lenye historia hukaa.