Joto la Mteremko: Historia ya Ritada na Dhima ya Dereva wa Gari-Nyumba

1.0 Utangulizi

Gari zito linapopanda mlima, injini huvuma na kila mtu hutambua kuwa kazi inafanyika. Linapoteremka, injini hutulia na abiria hudhani kazi imekwisha. Kifizikia, kazi ngumu zaidi ndiyo kwanza imeanza. Kila mita ambayo gari limepandishwa ni akiba ya nishati, na akiba hiyo sharti itolewe wakati wa kushuka. Isipotolewa kama joto, hutolewa kama mwendo, na mwendo huo ndio unaoua.

Insha hii inachunguza historia ya ritada, yaani kifaa cha kupunguza mwendo wa gari bila kutegemea breki za magurudumu. Mkazo umewekwa kwenye ritada ya mafuta inayofungwa katika giaboksi ya gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ambalo wasafiri wa Marekani na Ulaya huishi ndani yake wawapo safarini. Hoja inayojengwa ni kwamba hakuna uvumbuzi wowote katika historia hii ulioondoa joto la mteremko. Kila uvumbuzi ulilihamisha tu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa sababu hiyo, usalama haukuwahi kuwa mali ya kifaa peke yake.

2.0 Kiasi cha Joto

Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule alitumia mawe ya mizani yaliyokuwa yakishuka polepole kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yalipata joto, naye akapima uwiano kati ya kazi iliyofanyika na joto lililozalishwa. Gari linaloteremka huku likizuiliwa ni jaribio hilohilo kwa kipimo kikubwa.

Tuchukue mfano wa gari-nyumba la tani 14 linaloshuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 6. Litakuwa limeshuka takribani mita 360 na kutoa nishati ya karibu megajuli 49. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upinzani wa hewa na msuguano wa matairi. Hata hivyo, kama yote ingeingia katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ingetosha kufikisha lita zipatazo 147 katika kiwango cha kuchemka. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, joto hilo huzalishwa kwa dakika 12, sawa na wastani wa kilowati 69. Kwa kilomita 60 kwa saa huzalishwa kwa dakika 6, na wastani huwa kilowati 137. Mlima huamua kiasi cha joto. Dereva huamua kasi ya kuzalishwa kwake.

Vipimo hivi vya mteremko havikuchaguliwa kiholela. Asilimia 6, kilomita 6 na mwendo wa kilomita 30 kwa saa ndivyo vigezo vya jaribio la mteremko mrefu katika Kanuni Na. 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari mazito. Kwa mabasi ya masafa marefu, kanuni hiyo huongeza mteremko kuwa asilimia 7 na kutaka gari lizuiliwe bila breki za magurudumu kutumika.

3.0 Kutoka Magurudumuni hadi Injini na Sumaku

Breki ya msuguano hubadili mwendo kuwa joto palepale kwenye gurudumu. Ikitumiwa kwa vituo vifupi hupata nafasi ya kupoa. Ikikanyagwa mfululizo mlimani, dramu hutanuka na kujitenga na sehemu inayoisugua, nayo sehemu hiyo hupoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi.

Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Indiana, alikuwa katika lori lililokuwa likishuka Cajon Pass, California, breki ziliposhindwa kulidhibiti. Chini ya mteremko treni ya mizigo ilikuwa ikivuka barabara, na lori liliikosa kwa nafasi ndogo sana. Tukio hilo lilizaa wazo la kuigeuza injini yenyewe kuwa breki: vali za kutolea moshi zifunguliwe silinda inapokaribia mwisho wa kushindilia hewa, ili hewa hiyo itoke badala ya kurudisha nguvu yake kwenye pistoni. Breki ya aina hiyo iliingia sokoni mwaka 1961. Joto lilikuwa limehamishwa kutoka kwenye dramu na kupelekwa kwenye bomba la moshi.

Nchini Ufaransa njia ilikuwa tofauti. Léon Foucault alikuwa ameonyesha mwaka 1855 kwamba diski ya shaba inayozunguka kati ya ncha za sumaku huzuiwa na kupata joto. Mwaka 1936 Raoul Sarazin aliitumia kanuni hiyo kutengeneza ritada ya umeme ya magari. Hapa joto lilihamia kwenye diski zinazopozwa na hewa.

Ufaransa hiyohiyo ndiyo inayoonyesha gharama ya kukosea. Mteremko wa Laffrey, unaoshuka hadi Vizille karibu na Grenoble, una wastani wa asilimia 12 kwa takribani kilomita 7. Mwaka 1973 mahujaji 43 kutoka Ubelgiji walifariki hapo katika ajali ya basi. Mwaka 1975 walifariki watu 29, na mwaka 2007 mahujaji 26 kutoka Polandi. Kati ya ajali ya kwanza na ya mwisho kati ya hizi tatu ilipita miaka 34 ya maendeleo ya ufundi. Hivyo, kuwapo kwa kifaa duniani si sawa na kutumika kwake ipasavyo mlimani.

4.0 Ritada ya Mafuta

Asili ya ritada ya mafuta iko baharini. Mwaka 1877 William Froude alibuni chombo cha kupimia nguvu za injini za meli ambacho kilizuia mzunguko kwa kuvuruga maji. Mwaka 1905 Hermann Föttinger, naye akishughulika na meli huko Stettin, alisajili hataza ya kusafirisha nguvu kwa kimiminika kati ya magurudumu mawili yenye mapanga. Gurudumu la pili likizuiwa lisizunguke, chombo cha kusafirisha nguvu hugeuka kuwa breki.

Ndivyo ilivyo katika giaboksi za otomatiki kama zile za kampuni ya Allison, zilizoenea katika magari-nyumba makubwa ya Marekani. Dereva anapoita ritada, mafuta husukumwa ndani ya chumba chenye rota inayozunguka na stata iliyotulia. Rota huyarusha mafuta, stata huyakinza, na gari hupungua mwendo bila sehemu za chuma kusuguana. Joto huingia kwenye mafuta, mafuta hulikabidhi kwa maji ya injini, na maji hulipeleka kwenye rejeta.

Uzuri wa mpangilio huu ndio udhaifu wake. Rejeta iliyokuwa ikipoza injini wakati wa kupanda sasa inapoza breki. Gari likifika kileleni maji yakiwa tayari ya moto, akiba ya kupoza huwa ndogo kabla mteremko haujaanza. Tena, pampu ya maji huzungushwa na injini. Dereva akishuka kwa gia kubwa, injini huzunguka polepole na maji hutembea kidogo wakati ule yanapohitajika zaidi. Ndiyo maana ritada inapowashwa, mitambo ya kisasa huchagua gia ndogo. Joto likizidi mpaka, mitambo hiyo hupunguza nguvu ya ritada ili kuokoa giaboksi. Kwa dereva asiyejua, msaada hupungua katikati ya mteremko bila yeye kuuachia.

5.0 Dhima ya Dereva

Madereva wa malori na mabasi hutahiniwa kwa ajili ya leseni za biashara. Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye leseni ya kawaida huruhusiwa kuendesha gari-nyumba lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Amerithi chombo cha wataalamu bila kurithi mafunzo yao.

Kanuni za kumlinda zinatokana na historia iliyoelezwa. Kwanza, apunguze mwendo na kuchagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Pili, aangalie kipimo cha joto la mafuta na la maji. Vikipanda, apunguze mwendo zaidi, kwa maana joto lilelile litapata muda mrefu wa kutoka. Tatu, breki za magurudumu azitumie kwa vipindi: akanyage mpaka mwendo upungue kwa takribani kilomita 8 kwa saa, kisha aachie zipoe. Nne, akilazimika kusimama, aiache injini izunguke ili maji yaendelee kubeba joto. Tano, barabara ikiwa na utelezi aizime ritada, kwa kuwa huzuia magurudumu ya kuendeshea pekee na yanaweza kuteleza.

6.0 Hitimisho

Dramu, bomba la moshi, diski ya sumaku na rejeta ni vituo vinne vya joto lilelile. Thamani ya ritada si kuchukua nafasi ya breki za magurudumu, bali kuziacha baridi hadi dakika ya dharura. Dereva anayeichukulia ritada kama ruhusa ya kushuka kwa kasi huitumia akiba hiyo mara mbili: hujaza rejeta joto, kisha huziendea breki akiwa katika mwendo ambao haziwezi kuuhimili. Uamuzi mkubwa wa usalama, kwa hiyo, hufanyika kileleni, kabla gurudumu la kwanza halijaelekea chini.