Ifahamu Hisabati ya Kusafisha Bayogesi kwa Utando

Wilayani Muleba, mkoani Kagera, ufugaji na kilimo cha migomba na kahawa huacha mabaki yanayoweza kuzalisha bayogesi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Bayogesi huwa na takribani asilimia 60 ya methani, ambayo huwaka, na asilimia 40 ya hewa ukaa, isiyowaka. Kaya yenye mtambo wake huitumia ilivyo. Kuijaza kwenye mitungi bila kuitenganisha, hata hivyo, ni kusafirisha pia gesi isiyo na faida.

Viwandani, utenganishaji huo hufanywa, pamoja na njia nyingine, kwa utando mwembamba wa polima unaopitisha hewa ukaa haraka kuliko methani. Mwaka 1866 mkemia Mskoti Thomas Graham alieleza kuwa gesi huyeyuka ndani ya utando, kisha husambaa hadi upande wa pili. Kwa msingi huo, kiasi kinachopita huongezeka kadiri eneo la utando na tofauti ya mgandamizo wa gesi husika zinavyoongezeka, na hupungua utando unapokuwa mnene.

Kwa mfano, utando unaopitisha hewa ukaa mara 30 zaidi ya methani, wenye mgandamizo wa baa 10 upande mmoja na baa 1 upande wa pili, mwanzoni hutoa gesi yenye takribani asilimia 94 ya hewa ukaa. Kadiri bayogesi inavyosonga mbele, hewa ukaa hupungua na methani nyingi zaidi hupenya. Ndiyo sababu modeli ya kihisabati huugawa utando katika vipande vidogo na kukokotoa kipande kimoja baada ya kingine.

Hesabu hiyo ina uzito. Utando mkubwa huongeza usafi wa gesi, lakini pia upotevu wa methani, ambayo katika miaka 100 huongeza joto la dunia takribani mara 28 zaidi ya hewa ukaa ya uzito uleule. Upotevu hupunguzwa kwa kuongeza utando wa pili na kurejesha gesi iliyopenya.

Hivyo, kabla ya kununua mtambo, ushirika au mwekezaji anapaswa kuoneshwa makadirio ya mambo matatu: usafi wa gesi, methani itakayopotea na umeme wa kuendeshea kompresa.